Maktaba ya Mtaa Ni ya Watu Wazima Pia: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Shughuli Zao Nairobi

Ingia katika maktaba yoyote ya umma Nairobi kuanzia Septemba, mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, utakuta viti vyote vimekaliwa na vijana wenye madaftari na chupa za maji. Ni jambo jema. Nyumba nyingi za mtaani hazina meza wala utulivu, na maktaba ndiyo inayowaokoa. Lakini nje ya lango hilo hilo anapita mama yao akielekea saiba, duka la intaneti, kulipa ili afailiwe ritani za kila mwaka za KRA, mamlaka ya kodi. Anapita fundi mwenye barua ya mahakama ambayo hajaielewa, na mzee aliyestaafu reli ambaye hana pa kwenda mchana kutwa. Hawaingii. Wanaamini mahali pale ni pa wenye mtihani.

Imani hiyo haikuzuka tu. Maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakukaribishwa humo kwa miaka mingi. Baraza la Jiji liliichukua mwaka 1962. Sheria iliyoanzisha Huduma ya Maktaba za Kitaifa, tunayoiita KNLS, ilipitishwa mwaka 1965. Kwa hiyo wapo wazee Nairobi waliokua wakijua kwamba nyumba ya vitabu si yao, na wakawalea watoto ambao waliingia humo kwa sababu ya shule tu. Shule ikiisha, na maktaba imeisha.

Majengo tunayo. McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara, KNLS ina tawi Buruburu na makao yake makuu Upper Hill, na tangu mwaka 2017 shirika la Book Bunk limefanya kazi kubwa, likishirikiana na serikali ya kaunti, kuyafufua matawi ya McMillan. Mtaani kinachokosekana mara nyingi ni saa moja na nusu kila wiki ambayo mtu mzima anajua ni yake. Mwongozo huu ni wa mkutubi, mwanachama wa kikundi au mkazi wa kawaida anayetaka kuianzisha saa hiyo. Jambo ninaloliamini kuliko mengine yote humu nalitaja mapema: mtu mzima huvutwa na saa isiyobadilika na heshima isiyopungua. Mada hufuata nyuma.

Hatua ya kwanza: sikiliza ukiwa nje ya maktaba

Usianze kwa kugawa fomu ndani ya maktaba ukiuliza watu wangependa programu gani. Walio ndani ni wale ambao tayari wanakuja, na swali lenyewe humfanya mtu ajibu anachodhani unataka kusikia. Atasema "kompyuta" na "ujasiriamali", kisha hatakuja.

Nenda kwenye steji ya bodaboda, kwa kinyozi, kwa mama mboga saa ambazo hana wateja wengi, na kwenye mkutano wa chama kama wanakufahamu. Uliza jambo moja: "Mwezi uliopita, ni kitu gani kilikushinda mpaka ukatafuta mtu wa kukusaidia?" Majibu yatakushangaza kwa uwazi wake. Mmoja ataeleza kwamba usajili wake wa bima ya afya ya SHA ulikwama kwenye maswali ya mapato. Mwingine amesahau nenosiri la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na simu aliyojisajili nayo ilipotea. Yule anataka kuandika barua ya kumwomba mwenye nyumba amrudishie amana yake. Huyu hana shida ya makaratasi kabisa, bali amefiwa na mumewe na jioni ni ndefu.

Andika majibu kama yalivyosemwa, bila majina. Ukishazungumza na watu wa kutosha hata majibu yakaanza kujirudia, acha. Maneno yanayojirudia ndiyo yatakayoandikwa kwenye bango lako.

Uliza pia kwa nini hawaingii maktabani. Nairobi sababu huwa ni zile zile: wanadhani lazima uwe na kadi ya uanachama, wanaogopa kukaguliwa na soja wa langoni wakiwa na nguo za kazi, au wanadhani watatakiwa kunyamaza. Sababu ya pili unaweza kuiondoa leo hii, kwa kuzungumza na huyo soja. Mweleze kuna wageni gani, wanakuja saa ngapi, na umwombe awasalimie. Yeye ndiye sura ya kwanza ya programu yako, naye huachwa nje ya mipango karibu kila mahali.

Hatua ya pili: chagua saa kabla ya mada

Hapa ndipo programu nyingi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wakutubi hupanga shughuli saa ambazo ukumbi uko wazi. Mtu mzima wa Nairobi hupanga siku yake kwa kuangalia wateja, zamu, matatu na mvua.

Mama mboga huamkia Marikiti au Gikomba kabla ya mapambazuko, hupanga bidhaa asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni hawezi kuondoka kibandani kwa sababu watu wanarudi kutoka kazini. Nafasi yake iko kati ya saa sita na saa nane mchana, tena ikiwa jirani atamwangalilia meza. Mwendeshaji wa bodaboda naye ana kazi asubuhi na jioni, na mchana hukaa stejini akingojea. Soja wa zamu ya usiku hutoka saa kumi na mbili asubuhi, hulala, na huwa mtu tena alasiri. Anayefanya kazi za nyumbani kwa watu mara nyingi hupumzika Jumapili, siku ambayo maktaba nyingi zimefungwa, na kwa ajili yake huenda ukalazimika kuomba ukumbi wa kanisa au wa jamii na kupeleka sanduku la vitabu huko. Mwajiriwa wa ofisini anapatikana Jumamosi, isipokuwa Msabato. Ijumaa mchana usiiguse kabisa mtaa ukiwa na Waislamu wengi, na mwezi wa Ramadhani usiweke kitu cha alasiri kinachokaribia futari.

Jua Nairobi huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Shughuli ya jioni imalizike mapema kiasi cha mwanamke kufika kwake kabla giza halijashika, la sivyo utabaki na wanaume na wenye magari. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, hupandisha nauli na kufunga njia za matope. Likizo za shule, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, huijaza maktaba watoto. Yote haya yanajulikana mwaka mzima kabla hayajafika, kwa hiyo yaandike kwenye kalenda yako mapema.

Chagua kundi moja la watu kati ya hao, siku moja na saa moja. Kisha shikilia. Kila Jumatano saa saba mchana ni bora kuliko mikutano mitano iliyotawanyika katika mwezi, hata kama Jumatano ya kwanza watakuja watatu. Mtu mzima akikosa wiki mbili kwa sababu ya msiba au mtoto mgonjwa, ajue wiki ya tatu mlango uko wazi saa ile ile, bila kumpigia mtu simu. Ukiihamisha saa mara mbili tu, atahesabu kwamba si jambo la kutegemewa, na hatakwambia. Ataacha tu kuja.

Hatua ya tatu: shughuli moja, si tano

Baada ya saa, mada. Nitataja zile ambazo naona zinabeba uzito wake katika maktaba za mitaa ya Nairobi. Anza na moja.

Dawati la huduma za serikali mtandaoni. Hili ndilo ningelianzisha kwanza popote pale, kwa sababu faida yake inaonekana siku hiyo hiyo. Ritani za mwaka uliopita hufailiwa kufikia tarehe 30 Juni, na mtu binafsi akichelewa hutozwa faini ya kuanzia shilingi 2,000. Wengi hutozwa ilhali hawakuwa na mapato yoyote. Walikuwa na PIN ya kodi tu na hawakujua. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya awali, tarehe 1 Oktoba 2024, na mtu anaweza kujisajili kwa simu isiyo ya intaneti kwa *147#, lakini sehemu ya kutathmini mapato ya asiye na ajira rasmi huwachanganya watu. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, nao haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Stakabadhi za ardhi za Nairobi nazo zilihamia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, mwaka 2021, na mwenye kiploti cha urithi anahitaji mtu wa kukaa naye taratibu.

Lengo la dawati ni mtu ajifunze kufanya mwenyewe. Saiba humfanyia kazi. Wewe unakaa kando yake, na kidole kinachobonyeza ni chake. Ni polepole, na watu watatu kwa saa moja si wachache. Lakini mwaka ujao anarudi akiwa amemleta dada yake na anamfundisha yeye.

Duru ya kusoma kwa sauti. Klabu ya vitabu ya kawaida, ambapo kila mtu anatakiwa kusoma kitabu kizima nyumbani, huwafaa wenye muda na taa nzuri. Kwa walio wengi, fanya hivi: chagua hadithi fupi au sura inayosomeka kwa dakika ishirini, isomwe pale pale kwa sauti, kisha watu wazungumze. Hakuna kazi ya nyumbani. Aliyekosa wiki jana hajapitwa na kitu. Angalia kwenye rafu za vitabu teule vya shule: kitabu kikiacha kutahiniwa, maktaba mara nyingi hubaki na nakala nyingi za kichwa kimoja, na hizo ndizo unazohitaji ili kila mtu awe na nakala mkononi bila kupiga fotokopi kitabu cha mwandishi aliye hai. Makala ya Taifa Leo ya wiki hiyo nayo huwasha mazungumzo haraka kuliko riwaya.

Kumbukumbu za mtaa. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, Makongeni imekuwa mtaa wa watu wa reli, Kibra ina historia ndefu ya Wanubi. Wazee waliojua mitaa hiyo ikiwa michanga wangali hai, lakini si kwa muda mrefu. Waalike waje na picha moja kila mmoja. Piga picha ile kwa simu juu ya meza yenye mwanga wa dirishani, mrudishie mwenyewe pale pale, na andika nani yumo, wapi, na mwaka upi kwa kukadiria. Waulize mambo yanayoshikika: soko lilikuwa wapi, maji yalichotwa wapi, basi la KBS lilisimama wapi, nani aliyekuwa mkunga. Ukiuliza "maisha yalikuwaje zamani" utapata hotuba. Ukiuliza kuhusu mfereji wa maji utapata mtaa mzima. Mwombe kila mmoja ruhusa iliyoandikwa na kutiwa sahihi kabla hujaweka picha au sauti yake maktabani, na ukubali akikataa.

Kisomo cha watu wazima. Hiki kinahitaji mwalimu aliyefunzwa, na wengi wenye nia njema hawajui ugumu wake. Serikali ilianzisha Idara ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1979, nayo ina maofisa katika kaunti ndogo. Kazi ya maktaba ni kuwapa chumba, vitabu vyepesi na ukimya, na kumsindikiza mtu kwa ofisa badala ya kumtuma tu. Yuko pia yule aliyeachia masomo njiani na sasa anataka kufanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Msaidie kujua tarehe za usajili mapema mwaka, kwa kuwa zikipita hakuna wa kuzirudisha.

Mazungumzo ya kisheria na ya afya huenda vizuri mara moja kwa mwezi, kama nyongeza ya dawati. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu mwaka 1973, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya kitaifa. Andikia afisi zao uombe mtu aje kuzungumzia jambo moja tu, kwa mfano kodi ya nyumba na amana, au urithi bila wosia. Wewe mwenyewe usitoe ushauri wa sheria wala wa dawa, hata ukibembelezwa.

Drafti, bao, kufuma, mashairi: weka meza na uache wenyewe waendeshe. Filamu inataka tahadhari, kwa sababu kuionyesha mbele ya umma kunahitaji ruhusa ya mwenye haki na kufuata masharti ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, hata kama hutozi kiingilio.

Hatua ya nne: ruhusa na chumba

Mwendee mkutubi anayesimamia tawi, ana kwa ana, kabla ya kuandika barua. Mwonyeshe majibu uliyokusanya mtaani na umuulize angefanya nini yeye. Wakutubi wengi wanajua mengi kuliko wanavyoulizwa, na mara nyingi wamewahi kujaribu kitu kama hiki bila msaada. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja: siku, saa, chumba, idadi ya viti, nani atafungua na nani atafagia, na kwamba ni majaribio ya wiki kumi. Wiki kumi zinakubalika kwa urahisi. "Programu ya kudumu" hupelekwa makao makuu na kukaa huko.

Maktaba zilizo chini ya kaunti na zile za KNLS zina wakubwa tofauti, kwa hiyo ulizia barua iende kwa nani kabla hujaipeleka. Mjulishe chifu na mzee wa mtaa kwa heshima, ili wasisikie habari kwa wengine. Mwakilishi wa wadi mwalike kama mkazi, akae kwenye kiti kama wengine. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia usikubali fulana, bango wala maji ya chupa yenye jina la mgombea, kwa kuwa siku hiyo hiyo nusu ya mtaa itahesabu kwamba maktaba imechukua upande.

Kagua chumba saa ile ile mtakayokutana. Chini ya mabati, mvua ya alasiri huzima sauti zote. Jua la mchana hugonga meza za upande wa magharibi. Soketi hufanya kazi ngapi? Choo kiko wapi, na ufunguo uko kwa nani? Je, mwenye kiti cha magurudumu anafika, au kuna ngazi? Kama wanafunzi wanasoma chumba cha pili na ukuta ni mwembamba, hamishieni duru kwenye veranda. Usiwafukuze vijana ili watu wazima wakae. Uadui huo utakufuata.

Hatua ya tano: tangaza kwa midomo ya watu

Bango liwe na maneno manne makubwa yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, kisha siku na saa. "RITANI ZA KRA? TUSAIDIANE." Chini yake: Jumatano, saa saba mchana, maktaba ya mtaa, bure, huhitaji kadi. Libandike kwa kinyozi, kwenye kinu cha posho, zahanati, na mlango wa choo cha kulipia, ambapo kila mtu husimama akingoja. Bango lililobandikwa ndani ya maktaba linasomwa na wale wale.

Matangazo ya kanisani na msikitini yana nguvu kuliko mtandao, lakini mwombe anayetangaza aeleze pia kwamba watu wa dini zote wanakaribishwa. Vyama vya akina mama ni njia bora zaidi ninayoijua: mmoja akisaidiwa, kikao kijacho wote wanajua. Kundi la WhatsApp lifunguliwe baada ya watu kukutana, lisitangulie. Liwe la matangazo tu, ambapo mwenye kundi pekee ndiye anayetuma, la sivyo litajaa michango ya mazishi na picha za asubuhi njema, na watu watajitoa.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Fika nusu saa mapema. Panga viti kwa duara au kuzunguka meza, usivipange kwa safu. Safu humrudisha mtu shuleni, na si wote waliotoka huko na furaha. Chai iwe tayari kabla ya mtu wa kwanza kuingia, kwa sababu anayefika peke yake chumbani hana la kufanya na mikono yake. Weka kalamu, karatasi, na jozi chache za miwani ya kusomea ya bei nafuu. Baada ya miaka arobaini macho ya wengi hayaoni tena herufi za karibu, na karatasi zako zichapwe kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16 hivi.

Kuhusu miwani kuna jambo la kuelewa. Akisema mtu "nimesahau miwani yangu", huenda ameisahau, na huenda hajui kusoma. Usichunguze. Mpe jozi iliyoko mezani. Akisema hazimfai, endelea na mwingine asome, naye asikilize. Kwa sababu hiyo hiyo usizungushe zamu ya kusoma kutoka kiti hadi kiti. Omba anayejitolea. Usiandikishe watu kwa kuwapitishia karatasi wajaze wenyewe. Keti mlangoni, waulize majina na uandike wewe, kila mmoja kwa namna ile ile. Mtu akiaibika mbele ya majirani zake mara moja, umempoteza yeye na wale aliowaambia.

Anza kwa saa uliyotangaza hata kama wamefika wawili. Waliowahi wameacha kibanda au abiria ili wawahi, na kuwachelewesha kwa kuwangoja wengine ni kuwaadhibu. Dakika kumi za salamu na chai, saa moja ya kazi yenyewe, dakika kumi za mtu yeyote kusema lililo moyoni mwake, na dakika kumi za mwisho kwenye rafu. Hizi za mwisho usiziache. Mpeleke mtu kwenye kitabu kimoja kinachohusu alichokizungumza: kilimo cha magunia, kisukari, ushonaji, mashairi. Mwonyeshe utaratibu wa kuazima. Shughuli isiyompitisha mtu kwenye rafu ingeweza kufanyika popote.

Lugha iwe Kiswahili ambacho watu wanakizungumza, na Sheng ikipita ipite. Wasiosikia wakija, tafuta mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba ya 2010 inaitaka serikali iiendeleze lugha hiyo, na hoja hiyo ina uzito ukiandika barua ya kuomba mkalimani. Kwa wasioona, Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaowezesha taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za vitabu katika Braille au sauti. Mkutubi anaweza kuzifuatilia. Na kwa akina mama wenye watoto wadogo, tandika mkeka pembeni na vitabu vya picha, kisha mweke kijana mmoja wa kuwaangalia, ndani ya macho ya mama zao. Ukisema "watoto hawaruhusiwi", umesema mama zao hawaruhusiwi.

Hatua ya saba: siri za watu

Dawati la huduma linakupa nambari za vitambulisho, PIN, mapato na magonjwa ya majirani zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye kile unachokihitaji tu na ueleze sababu. Daftari la mahudhurio liwe na jina na tarehe, na nambari ya simu kwa anayetaka kukumbushwa. Basi.

Nenosiri aliandike mwenyewe kwenye karatasi yake, aondoke nalo. Nambari za siri zinazotumwa kwa simu azisome mwenyewe na kuziingiza mwenyewe. Kwenye kompyuta ya maktaba, usikubali kivinjari kihifadhi nenosiri, na kabla hajainuka mtoke kwenye akaunti yake pamoja, mkitazama wote. Faili alizopakua zifutwe na pipa la takataka litupwe. Msaidizi wa kujitolea asiguse simu ya mtu wakati ukurasa wa M-Pesa uko wazi, hata kwa nia njema, na hakuna anayelipiwa chochote kupitia simu ya msaidizi. Masharti haya yabandike ukutani juu ya dawati, ili msaidizi akikataa jambo asionekane mwenye roho mbaya.

Hatua ya nane: fedha

Utaulizwa: "Kuna kitu kidogo?" Mashirika mengi yameuzoesha mji huu kulipwa nauli na marupurupu ya kikao, na anayeuliza ana sababu, ameacha kazi ya kutwa kuja kukaa kwako. Hata hivyo ushauri wangu ni usianze. Ukilipa, siku ufadhili ukiisha ndiyo siku ya mwisho ya programu, na wale waliokuja kwa haja ya kweli wataondoka na wale wa marupurupu. Badala yake sogeza shughuli karibu na watu, fupisha muda, na ichague ile saa ambayo hawapotezi kipato.

Gharama halisi ni ndogo: chai na sukari, karatasi, bando la intaneti siku mtandao wa maktaba ukizima, na taa ya kuchaji stima ikipotea. Maduka ya mtaani huchangia vitu kwa urahisi kuliko pesa, kwa hiyo omba sukari. Ukipokea pesa taslimu, ziandikwe kwenye daftari linalosomeka na yeyote, na watu wawili watie sahihi. Msaidizi wa kujitolea arudishiwe nauli yake. Yeye ni kundi tofauti, na kumtumia kijana asiye na ajira bila hata nauli si haki.

Hatua ya tisa: kupima na kukabidhi

Wakubwa watataka idadi ya waliohudhuria. Wape, lakini wewe mwenyewe hesabu waliorudi. Watu arobaini siku ya kwanza na wanne wiki ya tano maana yake ulifanya sherehe. Watu sita wiki ya kwanza, na watano kati yao wangalipo wiki ya nane, maana yake una programu. Andika pia vitabu vilivyoazimwa siku hiyo, na kila wiki sentensi moja ya jambo lililokamilika: ritani imefailiwa, barua imejibiwa, picha ya Makongeni imetambuliwa. Sentensi hizo kumi ndizo zitakazomshawishi mkutubi mkuu kukuongezea muda.

Kuanzia wiki ya nne, mtafute mshiriki mmoja wa kuwa mwenyeji mwenzako, si yule anayezungumza sana bali yule anayesogeza viti bila kuambiwa. Wiki ya sita afungue yeye mkutano, wewe ukae. Wiki ya nane usiende kabisa, na usipige simu kuuliza. Wiki ya kumi mketi pamoja na mkutubi mwamue: kuendelea, kubadilisha saa mara hii moja, au kuongeza shughuli ya pili. Ikiwa wiki hizo zinaangukia Novemba, fungeni kabla ya watu kuanza safari za Desemba za kwenda mashambani, na siku ya kufunga tangazeni tarehe na saa ya kurudi. Iwe wiki ya tatu ya Januari, karo za shule zikishalipwa na akili za watu zikiwa zimetulia. Andika tarehe hiyo kwenye ubao wa langoni, na umwachie soja chaki ya kuiandika upya mvua ikiifuta.